Ndagala, Dagaa, Sambaza: Jina la Samaki Mdogo Lilitoka Wapi?



Juma hili twajibu barua iliyotufikia kutoka Rugenge, hapa Uvira. Aliyeiandika ni binti mwanafunzi. Aeleza kwamba mjomba wake, aliyekaa Kigoma miaka mingi, alikuja kuwaamkia wazee. Mama akapika bugali na ndagala, akamkaribisha mgeni kwa furaha. Mjomba akala, akashiba, akashukuru. Kisha akacheka akisema kwamba watu wa Uvira hawajui Kiswahili, kwa maana chakula kile jina lake ni dagaa, na hilo neno «ndagala» ni la porini tu, halimo katika kitabu chochote. Mama akanyamaza. Tangu siku hiyo, asema binti, mama akienda sokoni aona haya kulitaja jina la samaki aliyewalea watoto wake wote. Naye binti atuuliza: Ni nani aliye na haki? Na jina hili lilitoka wapi?

Mwanangu, umeuliza vema. Wengine watasema kwamba haifai kupoteza karatasi kwa ajili ya jina la samaki asiyezidi urefu wa kidole. Mimi sisemi hivyo. Mtu akimcheka mama kwa sababu ya neno alilorithi kwa mama yake, hakulicheka neno peke yake. Amewacheka na waliolisema kabla yake. Basi na tulichunguze jambo hili kwa utaratibu, bila hasira, kama watu wanaotafuta kweli.

SAMAKI MWENYEWE

Kwanza tumjue mwenye jina. Katika Ziwa Tanganyika wamo samaki wawili wadogo wanaong'aa kama fedha, ambao watu wengi huwaita kwa jina moja. Wataalamu wamewatenga. Mmoja humwita Limnothrissa miodon, na habari zake ziliandikwa katika vitabu vyao mwaka 1906. Wa pili humwita Stolothrissa tanganicae, naye aliandikwa mwaka 1917. Hata majina hayo magumu yana asili yake: kwa Kiyunani «limne» ni ziwa, na «thrissa» ni jina la kale la samaki wa bahari aliye jamaa ya sardini. Kwa hiyo Limnothrissa maana yake ni kama kusema «sardini wa ziwani». Ndivyo walivyo kweli: ndagala wetu ni ndugu za sardini wa baharini, ambao wazazi wao waliingia maji yasiyo na chumvi zamani za kale.

Stolothrissa hufika sentimita 10 hivi, na maisha yake ni ya mwaka mmoja tu au zaidi kidogo. Limnothrissa humzidi, hufikia sentimita 17. Wote huenda makundi makubwa, mchana wakizama chini, usiku wakipanda juu kutafuta chakula. Wazee walilijua jambo hili kabla ya kuja wataalamu. Usiku usio na mwezi waliwasha moto juu ya mtumbwi, samaki wakavutwa na mwanga, nao wakawachota kwa lusenga, yaani wavu wenye mpini. Baadaye zikaja taa za mafuta, na siku hizi taa za betri. Lakini akili ni ile ile. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi hupumzika, kwa sababu taa ya Mungu yashinda taa ya mwanadamu.

Asubuhi ndagala huanikwa juani, nao wakikauka husafiri mbali. Hupanda gari kupita bonde la Ruzizi na Kamanyola mpaka Bukavu. Hushuka ziwani mpaka Kalemie, na toka huko hufika Katanga. Nyama ya ng'ombe haiwezi safari ya namna hiyo bila barafu. Ndiyo maana samaki huyu mdogo amelisha watu wengi wasiowahi kuliona ziwa, na siku za Ijumaa za Kwaresima ndiye aliyezisaidia familia nyingi za Kikristu kushika amri bila kulala na njaa.

HERUFI ILIYOJIFICHA

Sasa tufike kwenye jina. Mjomba asema «dagaa», mama asema «ndagala», na ng'ambo ya Ruzizi, ndugu zetu Warundi husema «indagara». Je, haya ni majina matatu? Tuyaweke kando kwanza, tutazame maneno mengine ambayo kila mtoto anayajua.

Maji yaangukayo toka mbinguni, Mrundi huyaita imvura. Mtu wa Uvira akisema Kiswahili cha nyumbani husema mvula. Kitabu cha shule chasema mvua. Tumbo likiwa tupu, Mrundi husema inzara. Sisi nyumbani twasema njala. Kitabu chasema njaa. Kuchukua kitu, kwa Kirundi ni gutwara. Wengi wetu husema kutwala. Kitabu kina neno kutwaa. Wayaona, mwanangu? Imvura, mvula, mvua. Inzara, njala, njaa. Sasa uongeze mstari wa mwisho: indagara, ndagala, dagaa. Umeingia mahali pake kama ufunguo katika kufuli.

Hii si bahati. Katika Kiswahili cha pwani, tangu zamani, sauti ya L iliyokaa ndani ya shina kati ya vokali mbili iliregea, kisha ikapotea. Penye R ya Kirundi na L yetu, Kiswahili cha pwani kimeacha nafasi tupu, na vokali mbili zikabaki zimeshikana mikono. L iliyo mwanzoni mwa shina mara nyingi ilisalimika, ndiyo maana watu wote husema kulima na kuleta.

Huenda mjomba akasema: «Nitajuaje kwamba L ilikuwapo ikapotea? Labda ninyi wa ziwani ndio mlioiongeza.» Ni swali la haki, na jibu lake limo kinywani mwake mwenyewe. Mwambie kwa heshima: «Mjomba, mama amefanya nini? Amezaa. Na mtoto je? Amezaliwa.» Hiyo L imetoka wapi? Tena: aliyechagua na aliyechaguliwa, aliyeokoa na aliyeokolewa, aliyekomboa na aliyekombolewa, aliyetwaa mji na mji uliotwaliwa. Kila Noeli twaimba kwamba Mwana wa Mungu amezaliwa, na kila mara L ile yatoka mafichoni ikatusalimu. Haikuondoka nyumbani, imejificha nyuma ya mlango tu. Neno refu likiufungua mlango, nayo yatokea.

Basi lile umbo lenye L ndilo la zamani zaidi. Mama anaposema «ndagala» na «njala», haharibu Kiswahili. Anashika kitu cha kale ambacho pwani wamekiacha.

Na ile N ya mwanzoni? Hiyo si sehemu ya shina. Ni kama kofia ambayo jina huvaa na kuvua kadiri ya kikundi chake. Mnajua wenyewe: twasema ndege, lakini aliye mdogo ni kidege, na aliye mkubwa mno ni dege. Twasema ngoma, kisha goma. Vivyo hivyo samaki wetu: ndagala amevaa kofia, dagaa na kidagaa wameivua. Kichwa ni kile kile.

JINA HUTEMBEA, NA SAMAKI HUTEMBEA

Maumbo haya mawili yalikutanaje? Karne ya 19 misafara ya biashara ilitoka pwani ikafika Ujiji, na huko lugha ya pwani ikapanga nyumba moja na lugha za ziwani. Wazungu Burton na Speke walifika Ujiji mwezi wa Februari 1858, na Aprili mwaka huo huo wakaja mpaka Uvira kwa mitumbwi, wakitaka kujua kama Ruzizi hutoka ziwani au huingia. Hapa Uvira wakaambiwa kwamba huingia. Na ndivyo ilivyo. Mapadri Weupe, waitwao pia White Fathers, wakafika Ujiji mwezi wa Januari 1879, nao na waliowafuata wakatumia Kiswahili katika mafundisho. Kwa njia hizo Kiswahili cha pwani kilikaa katika pwani zetu, nacho kilikuta watu wenye maneno yao tayari. Walipokuta neno lililo ndugu, watu wa kila upande waliendelea kulisema kama walivyozoea.

Tena jina likisafiri, halimchukui kila mara samaki yule yule. Huko Mwanza na Bukoba, dagaa wa Ziwa Viktoria si jamaa ya sardini hata kidogo. Wataalamu humwita Rastrineobola argentea, na ukoo wake ni wa karpi. Wajaluo humwita omena, Waganda humwita mukene. Huko Unguja, dagaa ni samaki wadogo wa baharini, na wengine huitwa dagaa mchele kwa udogo na weupe wao. Kwa hiyo jina hili latazama udogo na matumizi zaidi kuliko ukoo.

Na samaki naye akisafiri, si lazima abaki na jina lake. Ziwa Kivu liko juu, mita kama 1,460 toka usawa wa bahari, na letu liko mita 770 hivi. Ruzizi hushuka kati yao kwa maporomoko, wala samaki wa huku hakuweza kuyapanda. Basi kati ya mwaka 1958 na 1960 vifaranga vya samaki wetu vilichukuliwa kwa maelfu vikapandwa Kivu. Limnothrissa akashika makao huko, akazaana. Na leo Bukavu na Goma humwita sambaza. Mwaka 1967 na 1968 samaki huyo huyo alichukuliwa kutoka pwani ya Zambia mpaka ziwa la Kariba, na huko jina lake ni kapenta. Fikirini: samaki mmoja, ndagala kwa mama wa Rugenge, dagaa kwa mjomba wa Kigoma, sambaza kwa shangazi wa Bukavu, kapenta kwa wenyeji wa Kariba. Nani kati yao asiyejua kusema?

TUJIHADHARI NA MASIKIO

Hapa nataka kuwaonya wanafunzi. Watu wengi hupenda kubuni asili ya maneno kwa kusikiliza mlio wake tu. Mtu atasikia «sambaza», akumbuke kwamba kusambaza ni kueneza, mara atatunga hadithi: «Aliitwa hivyo kwa sababu alienea ziwa zima!» Hadithi ni tamu, lakini utamu si ushahidi. Maneno mawili yaweza kufanana sura bila kuwa ndugu, kama watu wawili sokoni.

Hata jina ambalo maana yake ni wazi laweza kutudanganya juu ya kitu chenyewe. Mahindi tunayosaga kwa bugali wetu yana jina la nchi ya Hindi, kana kwamba yalizaliwa huko. Lakini mmea huo ni wa Marekani; Waindio wa Meksiko waliulima maelfu ya miaka kabla Kristofa Kolombo hajavuka bahari mwaka 1492. Wazungu wenyewe walikosea kwa namna hiyo hiyo: Waitalia huyaita «nafaka ya Kituruki», na Waturuki nao huyaita kwa jina la Misri. Kila taifa liliita nafaka hiyo kwa jina la mlango ilipopitia, au lilipodhani imepitia, wala si kwa jina la kitanda ilipozaliwa.

Basi anayetaka kujua asili ya neno afuate njia tatu. Kwanza, asitosheke na neno moja. Aone kama herufi hubadilika namna ile ile katika maneno mengine, kama tulivyoona katika mvua na njaa. Pili, alinganishe lugha za jirani. Tatu, awaulize wazee, tena awasikilize bila kuwasahihisha. Padri Sacleux, aliyetoa kamusi yake kubwa ya Kiswahili huko Paris kati ya mwaka 1939 na 1941, hakudharau semi za visiwani wala za vijijini. Alizikusanya na kuzitaja mahali pake. Mtu mwenye elimu nyingi hukusanya. Mwenye elimu kidogo hucheka.

SHIBOLETHI

Labda mtu atasema bado: «Kicheko cha mjomba kilikuwa mzaha. Mbona mwalimu anafanya jambo kubwa?» Nitamjibu kwa Maandiko Matakatifu. Katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, twasoma kwamba watu wa Gileadi waliwashinda Waefraimu, wakashika vivuko vya mto Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliamriwa kusema neno moja: shibolethi. Waefraimu hawakuwa na sauti ya «sh» katika neno hilo, wakasema «sibolethi». Aliyesema hivyo alikamatwa na kuuawa pale kivukoni. Walikufa Waefraimu 42,000. Na neno hilo, kwa Kiebrania, ni suke la nafaka. Waliouana walikuwa wana wa baba mmoja, Yakobo, na neno lililowahukumu lilikuwa neno la chakula.

Sisi tunaokaa kando ya Ruzizi hatuhitaji kuelezwa sana. Mto wetu nao una vivuko. Vita vilivyoingia Uvira mwezi wa Oktoba 1996, na vingine kabla na baada yake, vimetufundisha jinsi mtu anavyoweza kuulizwa njiani: «Sema kidogo tukusikie.» R ya mmoja na L ya mwingine zimetumiwa kupimia nani ni ndugu na nani ni adui. Neno lililokuwa la kukaribishia mgeni mezani likageuzwa panga.

Uovu huo hauanzi na panga. Huanza na kicheko. Kwanza twacheka namna jirani anavyosema; kisha twasema hajui kusema; kisha twasema si mtu wa hapa; na mwishowe twasema si mtu. Ndiyo maana nashikilia mistari yetu: indagara, ndagala, dagaa. Anayeijua hataweza kusikia R ya jirani yake kama alama ya uadui. Atasikia neno la nyumbani kwake likisemwa na ndugu aliyelelewa chumba cha pili.

MASHAURI

Nani basi aliye na haki? Mjomba ana haki kwa neno lake: dagaa ni Kiswahili sanifu, nacho ndicho kilichomo katika kamusi na katika mitihani. Mama naye ana haki kwa neno lake: ndagala ni neno la kale, lenye ukoo safi, lisilohitaji ruhusa ya mtu. Kilichokosa haki ni kicheko.

Kwako wewe, binti yangu: ukiandika insha ya shule, andika dagaa, njaa na mvua, kwa maana kila shamba lina jembe lake, na mwalimu wako anakufundisha lugha itakayokufikisha Kigoma, Mombasa na mbali zaidi. Ukiwa jikoni kwa mama, sema ndagala bila haya. Kujua maneno mawili si kosa, ni mali. Nawe ukimweleza mjomba haya, umweleze kwa magoti ya heshima, kama mpwa amwelezavyo mjomba wake, baada ya kumpa maji ya kunawa. Kweli isemwayo kwa kiburi haiingii sikioni.

Kwa mama: nenda sokoni, uite samaki wako kwa jina lake. Wahenga walisema, mkataa kwao ni mtumwa. Nawe kumbuka yule kijana wa Injili ya Yohane aliyekuwa na mikate mitano ya shayiri na samaki wawili tu. Hakuna aliyeandika majina yao. Lakini Bwana wetu aliwapokea mikononi mwake, akashukuru, na umati wote ukala ukashiba.

Kwa wazazi wote: usiku mnapokaa pamoja baada ya sala ya jioni, wafundisheni watoto majina ya samaki wa ziwa hili kwa lugha ya babu zao, Kivira, Kifuliiru, Kibembe au Kirundi, kisha kwa Kiswahili. Sangala na mukeke, ambaye Kigoma humwita mgebuka, nao wana majina yenye njia ndefu. Watoto wayaandike katika daftari, wakiweka kila jina kando ya ndugu yake, na waangalie ni herufi zipi zinazobadilishana mahali. Watakaotuletea orodha zao kwa mkono wa katekista wao, tutazisoma, na zile zilizo nzuri tutazieleza katika ukurasa huu.

Mungu awalinde wavuvi walio majini usiku huu, na awarudishe salama. Tuonane juma lijalo.